Kitako cha Risasi Moja

Haya nimeyapata kwa Mama Pacha mwenyewe, mwaka juzi, siku tulipokaa benchi moja kutwa nzima kumsubiri daktari wa macho. Mimi nilikwenda kwa jicho langu, yeye alikuwa amemsindikiza mtu. Foleni haikuwa inakwenda, na mtu akiwa na neno lililomkaa moyoni, foleni isiyokwenda ni neema. Nayaandika kama alivyonipa.

Mume wake ni mwindaji. Si mwindaji wa kutafuta kitoweo, ni yule anayewekwa na chama cha wakulima awatoe nguruwe pori mashambani mahindi yanapoanza kubeba. Watu walimwita Risasi Moja, kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuisikia bunduki yake ikilia mara mbili. Jina hilo hakujipa mwenyewe, lakini alilivaa kama mtu anavyovaa kofia yake ya sikukuu. Ukimwita hivyo anaitika tu, haongezi neno, ila shingo inanyooka kidogo.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Wengine husimama mstari upande wa pili wa shamba wakigonga madebe na kupaza sauti, nguruwe wanakurupuka, wanatoka mbio kupita alipo mwenye bunduki. Kiongozi wa mstari alikuwa mdogo wake Mama Pacha, tumbo moja, mtu mzima mwenye watoto wake, aliyeitwa Kelele. Jina hilo halihitaji maelezo. Mama yao alipofariki, Kelele alikuwa hajaanza kutembea, na mgongo uliombeba ulikuwa wa dada yake. Mpaka leo Mama Pacha akimwona anavuka barabara, mkono wake unataka kumshika.

Basi, wiki tatu kabla ya siku ninayotaka kuisema, Risasi Moja alikosa. Nguruwe dume alipita hatua thelathini mbele yake, ubavu wazi, mkubwa kama meza, na risasi ikaenda zake. Hakupiga ya pili. Jioni alirudi nyumbani bila kusema na mtu, na kesho yake akatangaza kwamba kitako cha bunduki kimepasuka, yaani ule mti unaoegemea begani na shavuni, ndiyo maana risasi ilikwenda upande. Watu wakakubali. Mti wenyewe ulikuwa wa zamani, umenyeshewa mvua za miaka, nani angebisha?

Kelele yeye alikuwa na habari yake ya siku ile. Alisema bunduki ilipolia, nyigu alimpita sikioni, vuum, nyigu mkubwa hajawahi kuona, hata akajipiga kofi mwenyewe. Aliisimulia pale uani akijipiga kofi tena na tena, watu wakicheka. Mama Pacha alikuwa anakunja nguo. Alicheka pamoja nao.

Alicheka kwa sababu alikuwa hajakwenda bado kumwaga majivu. Nyuma ya jiko lake kuna jiwe pana la kufulia. Alipofika na ndoo ya majivu akaona alama mbichi kwenye ukingo wa lile jiwe, na chini yake vibanzi vya mti, vyekundu, vinang'aa upande mmoja kwa mafuta ya mikono ya miaka mingi. Akaweka ndoo chini. Akaviokota kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga. Kitako hakikupasukia shambani. Kilipigwa juu ya jiwe lake la kufulia, na aliyekipiga analala naye kitanda kimoja.

Hapo mambo yote madogo aliyokuwa anayapita yakajipanga foleni mbele yake. Chai inayomiminwa pembeni ya kikombe. Bega la kulia linalogonga mlango kila mara. Na ile namna mpya ya kugeuza kichwa mtu akimwita, kichwa kizima, kama kuku anayemwangalia mwewe. Kuna siku alimwuliza kwa upole, je, jicho la kulia lina ukungu? Alijibiwa kwamba ukungu uko jikoni kwake, na mume hakula jioni ile.

Na yule nyigu. Mama Pacha alilala akimfikiria yule nyigu mpaka jogoo wakawika.

Tangu siku ile, alisema, nyigu hakumtoka kichwani. Akiteka maji anamfikiria nyigu, akisuka nywele za binti anamfikiria nyigu. Alitaka kumwambia mdogo wake, lakini Kelele ni Kelele, neno likiingia sikioni mwake limeshafika sokoni. Alitaka kumwambia mume wake kwamba amejua, lakini mwanamume aliyefikia kuvunja kitu chake mwenyewe ili kuficha jicho, ukimbana pembeni hujui atavunja nini kingine. Kusema kulikuwa kumvua mumewe nguo mbele za watu. Kutosema kulikuwa kumshonea mdogo wake sanda. Akabaki katikati, na siku zinakwenda.

Chama kikaleta ujumbe siku ya Jumatano. Nguruwe wameshakula mistari sita upande wa mtoni, subira imekwisha, Jumamosi lazima mstari usimame, kwa hiyo kitako kipya kipatikane. Alhamisi asubuhi wakaenda kwa fundi, watu watatu, Risasi Moja mbele na bunduki kwenye mfuko wake, Mama Pacha nyuma yake, na Kelele akiwa pande zote.

Karakana ya fundi ilikuwa mtaa wa mafundi bati na waziba matairi, chumba chembamba kama mkono wa shati. Ukutani kibali chake kimetiwa fremu, pembeni kabati la chuma lenye kufuli mbili, katikati meza nzito yenye jiliwa la kubania vyuma, na sakafu yote vumbi la msasa. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, penseli nyuma ya sikio. Hakupenda haraka. Walipomwamkia aliitika mmoja mmoja, kisha akaipokea bunduki kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Akalitoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, akaliweka mfukoni mwake. Akamtaka kila mtu achungulie ndani ya mtutu aone ni tupu, na Mama Pacha naye. Alisema kwake hakuna anayeshika bunduki kabla watu wote waliomo chumbani hawajaona.

Kisha akavipanga vitako mezani, vinne, vyote vimeshachongwa tumbo la kupokea bunduki ya aina ile. Cha kwanza kilinyooka, mgongo wake unashuka taratibu mpaka begani, ndugu wa kile kilichovunjika. Cha pili kilikuwa na nundu pale linapokaa shavu. Fundi akaeleza kwamba hicho ni cha wanaotumia darubini, kinalinyanyua jicho. Cha tatu kilitobolewa tundu la kupitisha dole gumba, na Kelele akakishika akasema hiki ni cha kuendea harusini, nguruwe akikiona atasimama apigwe picha. Cha nne kilikuwa plastiki nyeusi.

Fundi alisema hicho hakinywi maji, hakipindi kwa jua, hakipasuki, hata ukipige kwenye jiwe.

Mama Pacha alitazama sakafu. Mumewe alisema hawezi kuweka ndoo begani, Kelele akacheka, na lile neno likapita. Lakini yeye aliona fundi hakucheka. Alikuwa ameshika kile kitako kilichovunjika, anakigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, na ncha ya penseli yake inachokoa kitu kwenye kovu la mti.

Risasi Moja akagusa cha kwanza, kilichonyooka. Akasema ni hiki, fundi afunge, waondoke.

"Kuchagua kwa mkono ni kuchagua fimbo," fundi akamjibu. "Kitako kinachaguliwa kwa shavu. Hatoki mtu hapa sijampima."

Upimaji wake ulikuwa hivi. Anaifunga bunduki kwenye kitako kwa skrubu mbili, anakupa. Yeye anakwenda kukaa kwenye kigoda kule mwisho wa chumba, mbele ya mtutu, komeo liko mfukoni mwake. Anakuambia fumba macho, pandisha bunduki begani kama ulivyozoea, lala shavu, sasa fumbua. Hasogezi kitu. Anatazama tu kutoka mbele, juu ya mtutu, aone jicho lako limekaa wapi. Kitako kikiwa chako, alisema, jicho linakaa juu ya chuma cha kulengea kama yai kwenye kikombe.

Risasi Moja alifumba. Akapandisha. Mikono yake ilikuwa mizuri, Mama Pacha alisema, hata siku ile mikono yake ilikuwa mizuri, bunduki ilipanda kama inajua njia. Akalaza shavu, akafumbua. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Halafu kichwa kikaanza kutambaa. Polepole kabisa, kama mtu anayechungulia kwa jirani na hataki kuonekana, shavu likapanda juu ya mti, pua ikavuka, mpaka jicho la kushoto likafika pale la kulia lilipotakiwa liwe.

Fundi akainuka, akafungua skrubu, akafunga cha pili, kile chenye nundu. Risasi Moja akafumba, akapandisha, akafumbua, kichwa kikaanza safari yake tena. Safari hii nundu ikamzuia. Akasukuma. Mishipa ya shingo ikasimama. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile haikuwa na joto. Akasema hiki kinabana. Cha tundu akasema kinateleza. Cha plastiki hakutaka hata kupewa.

Kelele aliona shemeji yake anachelewesha mambo, akaanza utani. Alisema bwana harusi gani huyu anayepewa wanawali wanne na wote wana kasoro? Akasema basi apewe yule anayemfahamu, kilichonyooka, kwani Jumamosi iko mlangoni, na mwaka huu amejiandaa, atajifunga kitambaa masikioni, nyigu wa safari hii atamkosa. Akajipiga kofi.

Mama Pacha alisema alisikia mziba matairi nje akijaza upepo, ile pampu inavyokoroma, akaona kama ni kifua chake.

Fundi akaenda kona ya nyuma, akarudi na kitu kwenye gunia. Akakivua. Kilikuwa kitako, lakini ungedhani kimeharibika motoni, maana katikati kilipinda kama mto unaozunguka jabali. Alieleza kwa sauti ileile ya kueleza bei ya msumari. Alikichonga miaka iliyopita kwa mtu ambaye jicho lake la kulia lilikufa na bega la kushoto lilikuwa na chuma ndani. Kinakaa bega la kulia, kinaipeleka bunduki mbele ya jicho la kushoto. Mwenyewe hakurudi kukichukua. Aliona aibu, au alikufa, fundi hakujua.

"Shavu lako linataka kwenda ng'ambo, bwana," alisema. "Mimi sisemi kwa nini. Nasema nimeona."

Risasi Moja alikitazama kile kitu kilichopinda kama mtu anayeonyeshwa jeneza la kimo chake. Akasema yeye si kilema. Akasema kipimo kile ni cha kuchezea watoto, shambani mtu hafumbi macho, na kitako chake ni kilichonyooka, kifungwe. Akakishika kwa mikono miwili.

Fundi alikohoa. Mteja ni mteja. Lakini kabla ya kuchukua bisibisi alipita karibu na Mama Pacha, akaweka mezani mbele yake kitu kidogo alichokichokoa kwenye kile kitako cha zamani. Punje ya jiwe, ya kijivu. Hakumtazama. Mama Pacha akaifunika kwa kidole kabla mdogo wake hajaiona.

Hapo, aliniambia, ndipo alipojua kwamba hakuna mtu mwingine atakayesema. Fundi amefika mwisho wa mpaka wake. Mumewe hawezi. Kelele hajui. Jumamosi watu watakwenda, Kelele atasimama katikati ya mstari na debe lake, mahindi yatatikisika, na bunduki itapanda vizuri kama kawaida, kisha kichwa kitaanza kutambaa. Alijaribu kutafuta maneno ambayo yangemwacha mumewe na nguo zake mwilini. Hakuyapata mengi. Aliyoyapata aliyasema akiwa ameketi, kidole juu ya punje.

"Chagua unachotaka, Baba Pacha. Sikukatazi. Ila Jumamosi kwenye mstari Kelele hasimami. Nitasimama mimi, mahali pake."

Kelele aliangua kicheko. Alimwuliza dada yake tangu lini, na sauti gani, ile ya kubembelezea watoto? Nguruwe watasinzia palepale, waanze kuokotwa kama maboga. Alicheka peke yake mpaka akachoka. Hakuna aliyemsaidia.

Kwa maana Risasi Moja alikuwa amemgeukia mkewe, kichwa kizima, kama kuku, na alikuwa anakitazama kile kidole. Akamtazama usoni. Miaka kumi na tisa mwanamke huyu hajawahi kukanyaga shamba siku ya bunduki, hata sauti yake anaiogopa, huwa anajifungia ndani na redio. Alijua kwamba hatanii. Alijua pia, Mama Pacha alisema, kwamba hapo ndipo anapoachiwa mlango wazi, atoke kwa miguu yake mwenyewe.

Mwishowe akakilaza kile kitako kilichonyooka mezani, taratibu, kama kitoto. Akakohoa. Hakumgeukia mkewe wala fundi.

"Shemeji," alisema. "Yule hakuwa nyigu."

Kelele alikuwa bado ana meno nje. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe, ukaenda sikioni, ukakaa hapo. Risasi Moja akaendelea, sasa maneno yakimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Ni mtoto wa jicho, tangu mvua za mwaka jana. Kwanza ilikuwa kama moshi, sasa ni kama karatasi. Siku ile alimwona nguruwe kwa jicho moja na akalenga kwa jingine. Alipoona mahindi yanakatika pale aliposimama shemeji yake, alikaa chini palepale. Kitako alikivunja mwenyewe alfajiri, kwa kuwa hakujua atamwambia mtu nini.

Kelele alitoka nje. Walimwona kupitia mlangoni amesimama kwa mziba matairi, mgongo umewaelekea, anatazama tairi likijazwa. Mama Pacha alitaka kumfuata, akamwacha. Fundi akachukua kitambaa akaanza kuupangusa mtutu ambao haukuwa na uchafu.

Kelele aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa chini, sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia kwake tangu azaliwe.

"Ungenipata, shemeji, jina lako lisingeharibika," alisema. "Risasi moja tu."

Hakuna aliyecheka, naye hakutaka wacheke. Risasi Moja aliinamisha kichwa akalipokea lile neno kama mtu anayepokea mzigo wake. Baadaye kidogo Kelele akavuta kigoda, akakaa, akamwambia fundi asiwatumbulie macho, ampime huyu mtu kwa hicho kijambia kilichopinda, maana hawezi kumwacha kipofu arudi nyumbani na mikono mitupu.

Wakampima. Alifumba, akapandisha, akafumbua, na safari hii kichwa hakikwenda popote. Fundi kule kigodani alitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Lakini akasema kitako ni kirefu kwa vidole viwili, atakikata upya na kukisugua, na hata kikiwa tayari, jicho la kushoto lina mwezi mzima wa kupiga shabaha za karatasi kabla ya kulenga kitu chenye roho. Na aende hospitali kwanza, labda hata hakitahitajika. Jumamosi hakuna. Bunduki ikaingia kwenye kabati la chuma, kufuli zote mbili zikafungwa, na Mama Pacha alisema kwamba sauti ya zile kufuli ndiyo kitu kizuri alichokisikia mwaka ule wote.

Kwa mwenyekiti wa chama Risasi Moja alikwenda kwa miguu yake, siku hiyohiyo, akasema mwenyewe. Mwenyekiti alishika kiuno, akanung'unikia mahindi, mwisho akasema watawatafuta wawindaji wa upande wa pili, na mpaka waje, madebe yagongwe bila bunduki. Njiani Kelele hakusema na shemeji yake hata neno moja. Lakini mtaa ulikuwa na baiskeli na mikokoteni mingi, na Mama Pacha aliyekuwa nyuma yao aliona mdogo wake akihama upande wa kushoto, akazunguka, akatembea upande wa kulia wa yule mtu, upande wa jicho bovu, mpaka nyumbani.

Kelele alilala kwa dada yake usiku huo, kwenye mkeka sebuleni, alisema ana uchovu. Hakukawia kuanza kukoroma, maana hata akilala jina lake linamfuata. Chumbani Risasi Moja alikuwa chali, macho wazi. Akamwuliza mkewe amejua tangu lini. Mama Pacha akamwambia vibanzi viko kwenye kopo la vifungo, akivitaka. Mume akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama kweli Jumamosi angesimama.

"Debe nilishaliazima," akamjibu.

Mume alitafuta mkono wake gizani, akaupata bila kupapasa. Baadaye pumzi zake zikawa ndefu. Mama Pacha alibaki akisikiliza, mmoja sebuleni, mmoja ubavuni, akiogopa kuamini, akisubiri yule nyigu aje kama alivyokuja kila usiku. Alimsubiri, na katikati ya kusubiri usingizi ukamchukua.